Mwambie Mwanao

Sauti ya Mahmuda ilianza kukwaruza mwanzoni mwa baridi, ukungu ulipokuwa ukishuka juu ya mitende ya Kotchandpur, mji mdogo wa Bangladesh, na wagema wakianza kutundika vyungu vyao. Alidhani ni mafua. Akanywa chai ya tangawizi, akajizungushia shali shingoni, akaendelea na kazi, maana mtihani wa taifa ulikuwa mwezi wa pili, na mwezi wa pili haumngoji mwalimu apone.

Kazi yenyewe ilikuwa ya koo tupu. Asubuhi alifundisha Kiingereza katika shule ya wasichana, darasa limejaa hadi madirishani. Alasiri alirudi nyumbani, akala wali uliopoa, kisha akafungua chumba cha mbele, ambacho zamani kilikuwa sebule na sasa kilikuwa darasa la masomo ya ziada. Watoto wa watu walivua viatu mlangoni, wakajibana kwenye mikeka, na kila mwaka, majira kama hayo, walifika pale pale: usemi halisi na usemi wa taarifa. Mtihani wa Kiingereza haukosi swali hilo. Hata wazazi wasiojua neno moja la Kiingereza huuliza, "Mwanangu ameshafika kwenye usemi?"

"Mtu mwenyewe akisema 'mimi'," aliuliza Mahmuda huku akisafisha koo, "wewe unayemsimulia utasema nini?"

"Yeye!" walijibu kwa mkupuo.

"Leo?"

"Siku ile!"

"Kesho?"

"Siku iliyofuata!"

"Hapa?"

"Pale!"

"Na kitenzi?"

"Kinarudi nyuma hatua moja!"

Alikuwa ameyasikia majibu hayo mara nyingi mno, kutoka kwa watoto ambao baadhi yao sasa walikuwa wakimletea watoto wao. Angeweza kufundisha akiwa usingizini, na siku nyingine alihisi ndivyo anavyofanya.

Kulikuwa na binti mmoja, Labonno, mtoto wa muuza dawa wa sokoni, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika.

"Mwalimu, mtu akilia 'Ole wangu!', tunageuzaje?"

"'Alisema kwa huzuni kwamba.'"

"Na kilio kinakwenda wapi?"

"Kinaingia humo humo kwenye 'kwa huzuni'."

"Chote?"

Wenzake wakacheka. Labonno akapata nguvu. "Na matusi je, Mwalimu? Mtu akimwambia mwenzake 'We punda'?"

"'Alimwita punda.'"

"Na akimtukania mama?"

"Labonno, mtihani hauna matusi. Andika."

Wakati huo huo sauti ikatoka uani, sauti nzito ya mtu aliyekuwa mkuu wa stesheni maisha yake yote na ambaye alipostaafu alirudisha funguo lakini sauti akaondoka nayo. Huyo alikuwa Lutfar, mumewe.

"Mama Tuhin! Mwambie mwanao bata wake wamekunya tena kwenye mkeka wangu wa kuswalia! Mwambie nikimwona mmoja tena kwenye baraza hii, nachinja! Wallahi nachinja, na kichwa nampelekea!"

Mahmuda akaweka chaki, akatoka kwa mlango wa nyuma. Kijana wao wa pekee, Tuhin, alikuwa kando ya bwawa amefunga msuli juu ya magoti, sweta limemfika hadi masikioni, akichanganya pumba na konokono waliopondwa. Bata walikuwa wamemzunguka kama wageni wa harusi waliocheleweshewa chakula.

"Baba yako anaomba uwafungie bata huku bwawani wakati wa swala," alisema Mahmuda.

"Anaomba?"

"Anaomba."

"Mwambie kama bata wananuka, na mayai yao basi asile. Kila asubuhi anabugia mawili kisha anajifuta mdomo kama hakuna kilichopita."

Mahmuda akarudi barazani. Lutfar alikuwa ameushika mkeka kwa ncha za vidole.

"Anasema sawa, atawafungia. Na mayai ya kesho amekuwekea makubwa."

Lutfar akaguna. "Kasema hivyo?"

"Kasema."

"Basi mwambie… haya, basi."

Aliporudi darasani aliwakuta watoto wameinamisha vichwa juu ya madaftari, kimya cha kutilia shaka. Dirisha la uani lilikuwa wazi.

"Mwalimu," alisema Labonno kwa adabu nyingi, "hiyo ya bata umeigeuza kwa kanuni ipi?"

Chumba kizima kilipasuka kwa kicheko. Mahmuda naye alicheka, hakuweza kujizuia, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kilipokwisha, sauti iliyobaki ilikuwa nyembamba kama uzi.

*

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Tuhin alikuwa mtoto wa kutajwa mtaani. Alipopata nafasi ya kusomea uhandisi kule Rajshahi, Lutfar alizunguka nyumba hadi nyumba na maboksi ya halua ya maziwa, hata kwa majirani waliokuwa hawasalimiani naye. Mwaka wa pili wa masomo, katikati ya mvua, kijana akarudi na begi lake. Akasema, "Sirudi tena." Aliulizwa sababu, akasema hana sababu. Lutfar aliulizwa na wageni, akasema mbele yao na mbele ya kijana mwenyewe, "Ningejua, ningefuga mbuzi."

Mwezi uliofuata Tuhin akaingia nyumbani na matenga mawili ya vifaranga vya bata.

Lutfar alilichukua lile kama jibu, na huenda lilikuwa jibu. Siku hiyo yalitoka maneno ambayo Mahmuda hakupenda kuyakumbuka, na tangu hapo wale watu wawili, waliokuwa wakilala chini ya bati moja na kuoga maji ya kisima kimoja, hawakusemezana. Walikula kwa zamu. Mmoja akiingia jikoni, mwingine anatoka. Kila jambo lilipita kwa Mahmuda: mwambie mwanao, mwambie baba.

Mwanzoni aliyapeleka maneno kama alivyopewa, kwa kuwa ndiye mwalimu na alidhani ukweli una manufaa yake. Sahani zilivunjika. Basi akaanza kuyachambua kwanza, kama mtu anayetoa miiba ya samaki kabla ya kumlisha mtoto. Akatoa "punda". Akatoa "mzee asiyeelewa kitu". Baada ya miaka miwili miiba ilikuwa mingi kuliko nyama, akaanza kuongeza nyama yake mwenyewe. Ilipofika Idi ya kuchinja, kila mmoja amevaa kanzu mpya na kukaa chumba chake, moyo wake ulimshinda. Alikwenda kwa Lutfar akamwambia, "Tuhin ameniambia nikuombe radhi kwa niaba yake. Anaona haya kuja mwenyewe." Kisha akaenda kwa Tuhin akamwambia, "Baba yako amekusamehe. Ila unamjua, hawezi kulitamka."

Wote wawili walinyamaza siku hiyo, wakala nyama kwa utulivu, na Mahmuda akadhani amefanya jambo jema. Akangoja mlango ufunguke. Haukufunguka. Miezi ikapita, yeye akaendelea kwenda na kurudi, na jioni ilipofika alikuwa hana neno lake mwenyewe lililosalia. Ya mchana yalikuwa ya shule, ya nyumbani yalikuwa ya wale wawili. Alilala kama gunia lililomwagwa.

*

Kisha asubuhi moja alisimama mbele ya darasa, akafungua kinywa kuwajibu wasichana salamu, na ikatoka hewa tu.

Lutfar alimpeleka Jashore kwa daktari wa koo. Daktari, mwanamke kijana mwenye mikono baridi, alimwingiza kamba yenye taa puani, akatazama, akatikisa kichwa.

"Mama unafundisha?"

Mahmuda akaitikia kwa kichwa.

"Na nyumbani unaongea sana?"

Mahmuda akamtazama Lutfar. Lutfar akatazama picha ya sikio ukutani.

"Umeota sugu kwenye nyuzi za sauti," alisema daktari. "Kama sugu za mkulima kiganjani. Dawa yake ni kunyamaza. Usiongee hata neno, na kunong'ona kusiwepo, maana kunong'ona kunaumiza zaidi. Mpaka nikuone tena. Ukikaidi, tutakutana kwenye chumba cha upasuaji."

Katika treni ya kurudi, Lutfar alimnunulia karanga, akazimenya mwenyewe na kumwekea kiganjani. Walipita mashamba ya haradali yaliyotapakaa njano hadi upeo. Halafu akasema, kama anayejiuliza mwenyewe, "Sasa nani atamwambia mwanao atengeneze pampu?"

Mahmuda akageuza uso dirishani, akatafuna karanga.

Siku za mwanzo zilikuwa za vichekesho. Tuhin alikuja jikoni, akasema kwa mazoea, "Mama, mwambie baba…" akaona mama anaonyesha koo kwa kidole, akabaki amesimama na sentensi yake kama mtu aliyeshika chupa ya moto na haoni pa kuiweka. Lutfar akamjaribu Mama Shefali, mwanamke aliyekuja kila siku kuosha vyombo na kufua.

"Mama Shefali, hebu nenda kamwambie yule…"

"Mzee, mimi nimeajiriwa kusugua masufuria," alijibu bila kuinua kichwa. "Kubeba maneno hatukukubaliana. Mtu mwenyewe huyo pale, hatua kumi. Miguu unayo."

Basi wakaanza kusema na hewa. Lutfar alisimama uani akauambia mti wa mpera, "Kuna watu wazima humu hawajui kufunga geti." Tuhin akawaambia bata, "Kuna watu wana haraka ya kufungiwa geti wakati wao wenyewe huliacha wazi wakienda msikitini." Mahmuda, aliyekuwa akipepeta dengu kwenye kizingiti cha jikoni, aliyasikia yote kama yalivyo, pamoja na miiba yake. Alishangaa. Alikuwa amesahau jinsi yanavyochoma. Na alishangaa zaidi kuona hakuna aliyekufa.

Darasa la alasiri aliliendesha kwa chaki na makofi. Labonno aliketi mbele akisoma kwa sauti alichoandika ubaoni, na aliifurahia kazi hiyo kupita kiasi.

Halafu bata wakaingia bustanini.

Bustani ya majira ya baridi ilikuwa ya Lutfar. Alikuwa na koliflawa, mchicha na giligilani, vimepangwa kwa mstari kama mabehewa. Asubuhi hiyo alitoka na chai yake akakuta koliflawa zimebaki mashina, na bata wanamalizia giligilani bila wasiwasi.

"Nyinyi!" aliwapigia bata kelele. "Mna mwenyewe au hamna?"

Tuhin akatokea mbio na fimbo ndefu. Naye akawaambia bata, "Mwambieni anayeuliza kwamba uzio umekatwa na mtu aliyetaka kupitishia mpira wa maji!"

"Nani kakata?" Lutfar alisahau bata. "Mimi nimekata? Uzio wako umeoza tangu wakati wa mvua!"

"Haukuoza, baba! Umekatwa kwa kisu, tazama!"

Neno lile lilidondoka katikati yao. Wote wawili wakasita. Mahmuda, aliyekuwa mlangoni na ungo wake, aliacha kupepeta.

"Usiniite baba juu ya bustani iliyoliwa," alisema Lutfar, sauti imepungua lakini hasira haijapungua. "Mwanamume mzima unamtuma mama yako akuombee radhi. Sawa, nikapokea. Nikasema atakuja mwenyewe. Tangu Idi nakungoja! Hukuja. Na leo unanilisha mashina."

"Radhi?" alisema Tuhin. "Nani kaomba radhi? Wewe ndiye uliyenisamehe kwa kumtuma mama! Nami nakungoja tangu Idi. Mtu akikusamehe si angalau akuite chakula? Hata kunitazama hunitazami!"

"Mimi nimekusamehe? Lini?"

"Idi!"

"Idi wewe ndiye uliyeomba radhi!"

"Sikuomba!"

Bata waliendelea kula. Kisha wale wanaume wawili, mmoja na kikombe, mwingine na fimbo, wakageuka pamoja kuelekea jikoni.

Walimjia wakiwa bega kwa bega. Mahmuda alikumbuka baadaye kwamba hilo ndilo alilokuwa akiliombea kwa miaka, kuwaona wakitembea pamoja, na hakuwahi kufikiria kwamba watakuwa wanamwendea yeye.

"Mama Tuhin," alisema Lutfar, "ni kweli hayo?"

"Mama," alisema Tuhin, na macho yake yalikuwa mekundu, "katika yote uliyoniletea kutoka kwake, kuna lolote lililokuwa lake? Hata moja?"

Mama Shefali akainuka kutoka kwenye vyombo, povu hadi viwikoni. "Mwacheni mama wa watu! Hamuoni hana sauti?"

"Leo hana," alisema Lutfar. "Miaka yote alikuwa nayo, ameitumia kutufanya wajinga."

"Haswa," alisema Tuhin.

Mahmuda alimtazama huyu, akamtazama yule. Angeweza kuchukua kalamu. Chaki ilikuwa mfukoni mwake. Lakini alipojitafuta ndani, hakukuta hasira, wala aibu ya kutosha kumtetemesha. Alikuta uchovu tu, mwingi, wa zamani, umetulia kama tope chini ya bwawa. Akaweka ungo chini. Akaingia chumbani, akatia nguo chache katika mkoba, akachukua shali na simu, akatoka kwa mlango wa mbele.

"Unakwenda wapi?" Lutfar alimfuata hadi barazani. "We, mwambie mama yako…" alianza kumwambia Tuhin, kisha akayasikia maneno yake mwenyewe, akafunga mdomo.

Tuhin alimkuta getini. "Unakwenda kwa mama mdogo?"

Akaitikia kwa kichwa. Kijana akaubeba mkoba hadi stesheni, na treni ilipokuja aliuweka kwenye kiti, akashuka.

*

Mdogo wake Mahmuda, Momtaz, alikuwa mjane mwenye nyumba tulivu huko Chuadanga. Alikuwa msemaji asiyehitaji kujibiwa, na kwa hali ile alikuwa mwenyeji bora kuliko wote. Asubuhi alimletea maji matamu ya mtende yaliyogemwa usiku, baridi hadi yanauma meno, na vitumbua vya mvuke vyenye nazi na sukari guru. Mahmuda alikula, akalala. Akaamka, akala, akalala tena juani uani, uso amefunikwa kwa kitambaa. Mara moja alifikiria watoto wa darasa lake na mtihani wao, akangoja moyo umshituke. Haukushituka. Akalala.

Ikapita hivyo, hata akapoteza hesabu ya siku. Alasiri moja simu ikalia. Ilikuwa Mama Shefali, ambaye kwenye simu alizungumza kana kwamba anayeongea naye yuko ng'ambo ya mto.

"Mama Tuhin! Gonga simu nijue upo!"

Mahmuda akagonga kwa ukucha.

"Haya. Kwanza, darasa lako liko salama. Yule binti wa muuza dawa anawafundisha wenzake barazani, anapiga kelele kuliko wewe. Pili, sikiliza vizuri. Siku zote hizi hawa watu wako walikuwa wanakula chapati za dukani, kila mtu kivyake. Jana mwanao kapika. Wali umeungua. Mzee kaingia, kasema: 'Huu ni wali au ni lami?' Mwanao kasema: 'Kula au acha.' Mzee kaketi. Wamekula, mmoja huku, mmoja huku. Mimi nilikuwa nafagia, nikafagia mahali pale pale mpaka sakafu ikaniomba niache."

Momtaz alikuwa amesogeza sikio. Mahmuda akampisha.

"Halafu Mzee kasema: 'Kwa nini ulirudi?' Hivyo tu, kama anayeuliza saa ngapi. Mwanao kanyamaza. Kanyamaza mpaka nikasema haya, ndiyo basi tena. Halafu kasema: 'Nilikuwa nikiketi kwenye hesabu mikono inatetemeka. Namba zinatembea kwenye karatasi. Nikawa nakiogopa kile chumba. Nikawa nakwenda kulala stesheni, kwenye benchi.' Mzee kasema: 'Stesheni ipi?' Kasema: 'Ya Rajshahi, baba.' Mzee kasema: 'Jukwaa lipi?' Kasema: 'La pili.' Mzee kasema: 'Pale pana upepo. Ungekwenda kwenye chumba cha abiria ukamwambia mlinzi wewe ni mtoto wa nani, angekufungulia.' Mwanao kasema: 'Ndiyo maana sikumwambia.'"

Upande wa pili bata walisikika.

"Halafu Mzee kaosha sahani," alisema Mama Shefali, safari hii kwa sauti ya chini. "Yake na ya mwanao. Nimeziosha tena, zilikuwa zimejaa mafuta. Ndiyo hivyo. Gonga kama umesikia."

Mahmuda akagonga.

Alikaa na simu mapajani. Alikuwa amebeba kati ya wale wawili maneno ya pampu, ya geti, ya mayai, ya nani aoge kwanza, maneno ambayo yangejaza behewa. Swali lile moja hakulibeba. Hakulipewa, na yeye mwenyewe, mama yake mtoto, hakuliuliza zaidi ya ile mara ya kwanza. Alikuwa na shughuli nyingi za kutengeneza majibu. Mwanawe alilala kwenye upepo juu ya benchi, na yeye amekuja kulijua kwa simu, kutoka kinywani mwa muosha vyombo. Akalia. Daktari hakuwa amekataza kulia, mradi kusiwe na sauti.

*

Daktari alipomtazama tena alimruhusu kusema, kidogo kidogo. Sauti iliyorudi haikuwa ile ya zamani. Ilikuwa nzito, imechakaa pembeni, kama ya mtu mwingine aliyemzidi umri.

Alifika nyumbani saa ya chai. Tuhin akampokea mkoba. Lutfar alikuwa barazani, amejifunika gazeti.

"Tuhin," alisema nyuma ya gazeti, "mwambie mama yako chai iko kwenye chupa."

"Mwambie mwenyewe, baba. Huyo hapo," alisema Tuhin, akaenda zake bwawani.

Mahmuda akajimiminia chai, akaketi kwenye kigoda cha pili. Jua la baridi lilikuwa likipita kwenye majani ya mpera. Lutfar alikunja gazeti, akalikunjua, akalikunja.

"Ulinidanganya."

"Ndiyo," alisema kwa sauti yake mpya.

"Muda wote ule."

"Ndiyo."

Lutfar alikuwa amejiandaa kwa mabishano, ikawa kama mtu anayesukuma mlango ambao haukufungwa. "Huna la kujitetea?"

"Sina. Nimechoka, Baba Tuhin."

"Si umetoka kupumzika?"

"Nilipopumzika ndipo nilipojua."

Lutfar alitazama vidole vyake. "Na ile ya dawa?" aliuliza. "Kila asubuhi ulikuwa ukija unaniambia, 'Tuhin anauliza kama umemeza dawa ya presha.' Nayo ilikuwa ya kutunga?"

Mahmuda hakuitazamia hiyo. "Nayo."

Akaona uso wa mumewe unaanguka zaidi kuliko ulivyoanguka kwa ajili ya ile radhi. "Ile niliipenda," alisema Lutfar. "Nilikuwa nikijisemea, kijana ana kiburi lakini angalau anauliza. Nikawa nameza kwa sababu hiyo."

"Nilikuwa nauliza mimi."

"Wewe?"

"Mimi ndiye niliyetaka kujua. Nikasema ni yeye."

"Mbona hukusema ni wewe?"

"Ungemeza?"

Lutfar alinyoosha mkono akachukua chupa, akamwongeza chai ingawa kikombe kilikuwa bado kimejaa, ikamwagika kwenye kisahani. Hakuna aliyeifuta.

Watoto walifanya mtihani wao mwezi wa pili. Baada ya hapo Mahmuda alitangaza kwamba darasa la alasiri halitakuwepo tena, wazazi wakaja kulalamika, akawasikiliza, akawapa chai, hakubadili neno. Chumba cha mbele kikarudishiwa viti. Lutfar na Tuhin hawakuwa marafiki. Waligombana kuhusu uzio, kuhusu pampu, kuhusu redio, na mara moja kuhusu kama ilinyesha mwaka fulani au haikunyesha. Kulikuwa na majuma Tuhin alihamishia kitanda chake kwenye kibanda cha bata kwa hasira, na siku ambazo Lutfar alikwenda naye sokoni kuuza mayai akarudi akisema kijana hajui kupanga bei.

Alasiri moja yenye joto, Mahmuda alikuwa amejilaza chumbani, chini ya mfarishi mwepesi wa viraka ulioshonwa na mama yake. Uani sauti zilianza chini, zikapanda, ya mzee na ya kijana, zikikatana, neno juu ya neno, matusi yakiwa humo ndani mazima mazima. Mama Shefali akawaambia wanamtia kichaa. Bata wakaitikia.

"Mama Tuhin!" aliita Lutfar. "Mama Tuhin, njoo usikie haya!"

Mahmuda alifumbua jicho moja. Akageukia upande wa ukutani, akavuta mfarishi hadi sikioni, akalala.